Makuta Madogo Ni ya Nani?

Kila mara neno linapopita katika muji ya kwamba Banki Kuu inataka kubadilisha feza, kukata sufuri au kuchapa noti mpya, watu wanaanza kunongonezana. Mama muuzaji anakimbia kununua bidhaa mbele ya wengine, muzee anafungua sanduku yake na kuhesabu, kambisti anafunga meza yake mapema. Kisha wataalamu wa uchumi wanasema katika redio, wanataja asilimia na bei ya dola, na maneno yanaishia pale. Mimi siyo mutaalamu wa uchumi, ni mwalimu wa sekondari. Na kijitabu hiki ni cha mila na desturi. Basi mutu anaweza kuniuliza: noti za banki zinaingia wapi katika desturi?

Zinaingia pa mulango mukubwa. Feza ni neno ambalo mutu mumoja amemupa mwenzake, na yule mwenzake amelipokea. Nikikupatia karatasi yenye picha ya tembo na wewe unanipatia meka ya unga, siyo kwa sababu karatasi inalika. Ni kwa sababu wewe unaamini ya kwamba kesho mutu mwingine ataipokea kwako. Sasa kwetu, neno lililotolewa haliwezi kubadilishwa na upande mumoja. Ukiisha kupokea mahari, huwezi kuamuka asubuhi na kusema mbuzi wawili waliotajwa jana leo wanahesabiwa kama kuku. Unapashwa kuita watu, kuketi, kueleza, kusikiliza. Ahadi ni deni. Kwa hiyo swali langu ni hili: serikali inapobadilisha sura na hesabu ya feza, ina deni gani kwa wale wenye kuishika? Na zaidi: ina deni gani kwa yule mwenye kushika ile ndogo kabisa?

Tuanze mbali kidogo, katika udongo wetu wa Katanga. Mbele ya franka, mbele ya Wazungu, huku kulikuwa misalaba ya shaba. Wafuaji wa shaba walitoka wakati wa kiangazi, wakachimba mawe ya rangi ya majani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa makala mpaka shaba ikayeyuka na kumiminwa katika kalibu ya musalaba. Ndiyo sababu Wazungu waliwaita «wala-shaba», na ndiyo sababu vilevile, katika wakati wa Mobutu, jimbo letu lote liliitwa Shaba. Wataalamu waliochimbua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, kuanzia mwaka 1957, walikuta misalaba hiyo pamoja na mifupa. Katika makaburi ya zamani zaidi, misalaba ni mikubwa na michache, imewekwa kifuani. Katika makaburi yaliyofuata, inakuwa midogo, mingi, yenye kufanana, na mara nyingi iko karibu na mikono ao kiunoni. Wale wataalamu wanafikiri ya kwamba musalaba mukubwa ulikuwa kitu cha heshima, na mudogo ukawa feza ya kuuza na kununua.

Mimi ninaona jambo hapa. Hata babu zetu walibadilisha feza yao! Waliipunguza ukubwa, wakaifanya iwe ya mikono ya watu wengi. Walakini walibadilisha polepole, kizazi kwa kizazi, na aliyebaki na musalaba mukubwa hakuambiwa siku moja ya kwamba hauna maana tena. Ulibaki shaba. Angeweza kuuyeyusha na kufanya bangili, waya ao kitu kingine. Uzito wake ulikuwa ndani yake mwenyewe, haukuwa katika mudomo wa mufalme.

Lakini tusisifu zamani kupita kipimo, wandugu. Kuna wenzetu wenye kuandika katika vijitabu kama hivi na kila kitu cha mababu ni kizuri, kila kitu cha leo ni kibaya. Haiko hivyo. Msiri, pale Bunkeya, alijenga ufalme wake kwa shaba na pembe za tembo, lakini pia kwa watumwa, mpaka siku alipouawa mwezi wa Desemba 1891. Musalaba uliomununulia mutu chumvi uliweza kumununua mutu vilevile. Na udanganyifu wa feza ulikuwako. Katika ufalme wa Kongo, kule magharibi, feza ilikuwa nzimbu, makombe madogo yaliyookotwa katika kisiwa cha Luanda, na mufalme ndiye alikuwa muchungaji wake. Kisha Wareno wakaleta makombe mengine kutoka mbali, kwa merikebu, mengi mengi, na nzimbu ikapoteza nguvu. Kando ya muto mukubwa watu walitumia mitako, fimbo za shaba nyeupe. Nayo, kadiri ilivyopita mikononi, ilizidi kuwa mifupi, kwa sababu kila mumoja alikata kipande kidogo na kupitisha ingine mbele kama nzima. Sijui kama kuna mufano bora kuliko huu wa kueleza wanafunzi ile neno kubwa la Kifaransa, inflasio. Kila mumoja amekata kidogo tu, hakuna mwizi, na fimbo imeisha.

Watawala wakaja na franka yao, tangu mwaka 1887, pamoja na zile feza za chuma zenye tundu katikati ambazo wazee wengine wangali wanazo kama hirizi. Na wakati Katanga ilipojitenga, mwaka 1961 ilitoa feza ya chuma yenye sura ya musalaba wetu wa shaba. Wengi wanaona fahari wakiikumbuka. Mimi ninaitazama kwa namna ingine: picha ya musalaba ilirudi, uzito wake haukurudi. Ilikuwa picha tu, na ile serikali ilipoanguka mwaka 1963, feza yake ilikufa pamoja nayo.

Tarehe 23 Juni 1967 ikaja feza ya Zaïre. Zaïre moja ilichukua nafasi ya franka 1 000, ikagawanyika kwa makuta 100, na likuta moja likagawanyika kwa sengi 100. Ile siku zaïre moja ilikuwa na nguvu ya dola mbili za Marekani. Vijana mukisoma hapa muta­cheka, lakini ni kweli. Na yale majina hayakuokotwa njiani. Makuta ni neno la zamani la upande wa Kongo na Angola, la vitambaa vya nyuzi za mitende vilivyotumiwa kama feza. Hata Wareno, katika karne ya 18, walitengeneza kule Angola feza ya chuma waliyoiita macuta. Hapa ninasifu. Waliofanya feza ya 1967 walifikiri kama watu wa inchi: walichukua jina ambalo mama wa kijiji aliweza kulitamka, na wakakumbuka kuweka kipande kidogo, sengi, kwa ajili ya kitu kidogo. Likuta la chuma limekufa zamani, zaïre imekufa, lakini mpaka leo, ukiwa Kinshasa ao Lubumbashi, mutu akikosa feza anasema hana makuta. Watu walilishika lile neno sababu lilikuwa lao.

Kilichoharibu ni namna ya kubadilisha, ndiyo maana nimesema hii ni mambo ya adabu mbele ya kuwa mambo ya uchumi.

Angalia Noeli ya mwaka 1979. Watu wako katika sikukuu, na tangazo linatoka: noti za zaïre 5 na za zaïre 10 hazina kazi tena. Mipaka imefungwa, siku za kubadilisha ni chache, na kuna kiasi ambacho mutu hawezi kukipita. Walisema wanatafuta wafanya-magendo na wale waliopeleka feza inje ya inchi. Labda walipata wengine. Lakini mwenye feza nyingi ana rafiki katika banki, ana ndugu wengi wa muji wa kugawia mabunda yake. Mulimaji mwenye kukaa siku tatu kwa miguu mbali na banki, mwenye kuficha noti zake ndani ya chungu juu ya mahari ya mutoto wake, yeye nani alimungojea? Wazazi wetu walikuwa na jina la ugonjwa huu: «feza imekufa mukononi». Nimesikia muzee mumoja akisema maneno hayo kama vile mutu anasema juu ya mutoto.

Kisha mwaka 1993. Zaïre ilikuwa imekwisha kushuka mpaka wakachapa noti ya milioni 5. Waziri mukuu wa upinzani, Étienne Tshisekedi, alisema ile noti siyo halali, wauzaji wakaikataa, na askari waliolipwa nayo walipoona haikubaliwe kwa soko, wakageuza bunduki. Mwisho wa mwezi wa Januari 1993 watu wengi walikufa Kinshasa, hata balozi wa Ufaransa. Mutu akisema noti ni karatasi tu, nitamukumbusha ile siku.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wakatoa zaïre mpya. Hapa ninaomba wasomaji mushike kalamu. Zaïre mpya moja ilikuwa sawa na zaïre za zamani milioni 3. Siyo milioni moja, milioni tatu. Maana yake, mama aliyezoea kuhesabu kichwani hakupashwa kukata sufuri tu, alipashwa kugawanya kwa tatu, pale pale, mbele ya munyunuzi, na mutoto mugongoni. Mimi mwalimu, na karatasi, ninaweza. Lakini feza haifanywe kwa ajili ya walimu. Yule aliyechagua tatu katika ofisi yake, aliye na mashine ya kuhesabu, hakumuona yule mama hata kidogo. Ninasema hiyo ni kosa la maadili, hata kama hesabu zake zilikuwa sawa.

Na ndipo watu wa Kasai, majimbo yote mawili, wakafanya jambo ambalo halijaonekana sana katika dunia: walikataa. Waliendelea na zaïre za zamani, zile karatasi zilizopasuka, zilizounganishwa kwa skochi, mpaka ilipokuja franka mwaka 1998. Serikali haikuzichapa tena, na kumbe ndiyo iliyokuwa nguvu yake! Kwa sababu hakuna aliyeweza kuongeza zingine, bei kule hazikupanda mbio kama katika inchi ingine. Karatasi chafu ilifanya kazi ya musalaba wa shaba.

Je, walikuwa na haki? Niliuliza swali hili katika kalasi ya mwisho, na vijana walibishana mpaka kengele ikalia. Mumoja alisema: feza ni sheria, na mutu hawezi kuchagua sheria. Mwingine akamujibu: «Mwalimu, kama baba anabadilisha neno kila siku, mutoto anashika ile ya kwanza.» Mimi ninaelekea upande wa yule wa pili, lakini siyo kabisa. Ikiwa kila jimbo linakataa feza ya wengine, hakuna inchi tena. Na tukumbuke, sisi wa Katanga, ya kwamba katika miaka ile ile, 1992 na 1993, ndugu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa huku, wakarudi kwa gari-moshi bila kitu. Mutu aliyetoka kufukuzwa hivyo, ukimuambia aamini karatasi mpya yenye kutoka kwa wakubwa wale wale, atakujibu nini? Imani ya feza haiko peke yake. Inakaa nyumba moja na imani zingine.

Mwaka 1997, mwisho wa Mobutu, noti kubwa kubwa za zaïre mpya zilipewa na watu jina la ugonjwa wake, «prostate». Ni kicheko kibaya, lakini kinaonyesha ya kwamba watu walijua kusoma noti vizuri kuliko wale waliozichapa.

Tufike kwa franka yetu. Tarehe 30 Juni 1998 franka moja ya Congo ilichukua nafasi ya zaïre mpya 100 000. Nimewapa wanafunzi kazi ya kuhesabu njia yote: franka hiyo moja ni zaïre za zamani miliari 300, na kwa franka za mbele ya 1967 ni 300 000 000 000 000. Mutoto mumoja aliuliza kama zile sufuri zilikwenda wapi. Nilimujibu zilikwenda katika masanduku ya babu yake.

Lakini ile franka ya 1998 ilikuwa na jambo zuri, na ninapenda kulisema wazi. Kwa miaka karibu 30 noti zetu zilibeba kichwa cha mutu mumoja na kofia yake ya chui. Franka ikaja bila kichwa cha mutawala. Ikaweka mama mwenye kuvuna kahawa katika santimu 1, na mulima wa Nyiragongo nyuma yake. Ikaweka sura ya kinyago cha Wapende katika santimu 10, okapi katika santimu 50, kinyago cha Watshokwe, Mwana Pwo, katika franka 50, tembo na bwawa la Inga katika franka 100. Franka 1 ilikuwa na kiwanda cha Gécamines upande mumoja, na upande wa pili Patrice Lumumba na wenzake wakiwa wafungwa. Ilikuwa kama kitabu cha inchi. Ningeweza kufundisha jiografia na historia kwa mufuko wa suruali.

Sasa uliza ziko wapi. Santimu zilikufa zote katika miaka michache. Mama wa kahawa amekufa. Lumumba amekufa mara ya pili, maana franka 1 haiokotwe hata na mutoto. Mwana Pwo, ambaye katika kinyago chake Watshokwe wanaheshimu uzuri wa mwanamuke na mababu wa upande wa kike, tumeona akikataliwa sokoni: «Hii haikubaliwe, mama, leta ingine.» Mwaka 2012 zikaongezwa noti za franka 1 000, 5 000, 10 000 na 20 000, ambazo zina okapi, punda-milia, nyati na twiga. Wanyama wamebaki, watu wameondoka. Sisemi kuna mutu aliyepanga hivyo. Ninasema tu ya kwamba waliweka mambo ya heshima zaidi katika noti ndogo, na kisha wakaacha noti ndogo zife. Ukiweka jina la shujaa juu ya kitu kidogo, unajifunga kukilinda kile kitu.

Na kifo cha noti ndogo siyo mambo ya picha peke yake. Fikiri namna inavyotokea. Hakuna sheria inayotangaza ya kwamba franka 50 imekufa. Siku moja muuzaji mumoja anaikataa kwa sababu imechoka. Wa pili anaikataa kwa sababu wa kwanza ameikataa. Katika muji mwingine wangali wanaipokea, huku imekwisha. Kuanzia pale, bei ya franka 150 haiwezekani tena, inakuwa 200. Kisha 100 nayo inaanza kukataliwa hapa na pale, na bei zinaruka toka 500 mpaka 1 000. Mutu wa teksi-bisi hana ya kurudisha. Katika duka wanakurudishia bonboni ao kiberiti. Kama mutu wa kipato kidogo anapoteza franka 100 kwa namna hiyo mara nne kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni franka 10 400 kwa mwezi. Kwa mwenye kununua gunia nzima, ile 100 haionekane hata kidogo. Kwa mwenye kununua fungu la nyanya tano, ndiyo nyanya ya tano.

Swali gumu la maadili liko pale: nani mukosefu? Hakuna mwizi. Muuzaji anajilinda, kwa kuwa naye atakataliwa akienda kununua. Resevere anajilinda. Kila mumoja amekata kipande kidogo cha mutako na kupitisha mbele. Vijana wangu walitafuta mukosefu kwa muda murefu. Mumoja alisema ni yule aliyekataa wa kwanza, mwingine akasema ni yule mwenye kuchapa. Mimi ninasema hivi: makosa madogo ya watu wengi yanakuwa kosa moja kubwa la yule mwenye kazi ya kulinda. Chifu wa zamani hakuweza kuzuia kila mutu asikate fimbo. Lakini kama alikuwa anaona zinapita mbele yake kila siku, fupi, fupi zaidi, na ananyamaza, lile ni kosa lake.

Watu wa hesabu watanijibu ya kwamba kuchapa noti ya franka 50 kunaomba feza nyingi kuliko noti yenyewe, na kwamba karatasi ndogo inachakaa mbio kwa kupita mikono mingi. Ni kweli. Kwa ajili hiyo inchi nyingi zinatumia chuma kwa makuta madogo: inagharimu zaidi siku ya kwanza, lakini inakaa miaka na miaka. Sisi tulio na shaba mpaka chini ya barabara, tangu franka ya 1998 hatuna feza ya chuma inayozunguka! Katika kitabu cha hesabu kuna somo la bahati na uwezekano, linaanza kila mara na kurusha feza juu, kichwa ao nyuma. Nimefundisha somo hilo mbele ya vijana ambao hawajashika feza ya chuma ya inchi yao hata siku moja. Wanatumia kifuniko cha chupa.

Majirani wetu wa Zambia walitupatia mufano, na wafanya-biashara wa Kasumbalesa wanaujua vizuri. Tarehe 1 Januari 2013 walikata sufuri tatu katika kwacha, na pamoja na noti mpya wakarudisha ngwee za chuma, 5, 10 na 50, na kwacha 1 ya chuma. Feza ya zamani na mpya zilitembea pamoja miezi sita, kila mumoja akahesabu kwa mwendo wake. Elfu moja kwa moja: hesabu ya kukata sufuri, mama yeyote anaiweza. Mwaka 2025 wakatoa tena noti mpya, pamoja na feza za chuma za kwacha 2 na 5. Sisemi kwacha haina magonjwa. Inayo, na wenye kuvuka mupaka wanayajua. Ninalinganisha ile miezi sita na Noeli yetu ya 1979, hiyo tu.

Kukata sufuri peke yake hakuponyeshe kitu. Sisi tumekata mwaka 1967, tukagawanya mwaka 1993, tukakata tena mwaka 1998. Franka ilianza na dola moja kwa franka 1 na kidogo. Mwaka 2024 dola moja ilikaribia franka 2 800. Noti ya 20 000, ambayo mwaka 2012 ilikuwa na nguvu ya dola zaidi ya 20, mwaka 2024 ilikuwa karibu dola 7. Ndiyo sababu wengine wanaomba noti kubwa zaidi. Ninawaelewa, kubeba mabunda ni hatari. Lakini ninauliza kwa nini kila mara tunaanza kwa kufikiria mwenye bunda. Noti mpya kubwa inamupunguzia tajiri uzito wa mufuko. Feza ndogo inayokubaliwa inamurudishia masikini nyanya yake. Kama hatuwezi kufanya yote mawili mwaka mumoja, mimi ningeanza na ya pili, kisha ningengojea nione.

Kuna aibu ingine ambayo sisi wenyewe, siyo serikali, tunapashwa kuiangalia. Dola yenye kupasuka kidogo, hata pembeni, inakataliwa; inapashwa kuwa safi kama shati la ndoa. Franka yetu tunaikunja, tunaifunga katika kitenge, tunaiandikia namba ya telefone, tunailowesha kwa mafuta ya samaki, na inapita. Benjamin Franklin tunamubeba ndani ya bahasha, twiga wetu tunamuviringa kama tumbako. Nimehuzuria sherehe za mahari ambapo wazee, wakiisha kutaja mababu wote wa ukoo, wakiisha kumwanga pombe chini, walihesabu dola na kuzitazama moja moja juu ya mwangaza, kama polisi. Siwalaumu sana, wanataka kitu ambacho hakitakufa mukononi. Na bado wanaomba pia mbuzi na jembe, hata katika muji ambapo hakuna shamba. Zamani nilifikiri ni desturi tu. Leo ninafikiri wazee wanajua kuhesabu: jembe la mwaka 1979 lilibaki jembe tarehe 26 Desemba.

Siku hizi makuta yameingia katika telefone. Na pale ninaona jambo la kuchekesha kidogo. Ndani ya telefone, franka 50 ingali hai. Hata franka 7 inaandikwa vizuri, hakuna mwenye kuikataa sababu imepasuka. Ile heshima ya kipande kidogo, sengi ya 1967, imekimbilia ndani ya mashine. Lakini mulimaji wa kijiji asiye na telefone wala moto wa umeme hayuko pale, na mwenye nayo, akienda kwenye kabina kutoa feza yake yote, kijana atamutolea elfu zake, kisha atatazama zile franka 150 zinazobaki na kumuambia: «Hizo, papa, ziache humo humo. Hakuna namna ya kuzitosha.»